Ruhusa ya Pande Mbili

Kuchimba si kazi. Kazi ni kuomba ruhusa ya kuchimba. Nawaambia mimi niliyewahi kufukuzwa na mbwa pale Ruiru hadi kiatu kimoja kikabaki kwa wenyewe, na sikurudi kukiulizia. Mashine yenyewe haina matata: unaiwasha, unavaa hedfoni, unaipitisha juu ya nyasi polepole kama mtu anayepiga pasi, na ikihisi chuma chini inalia. Mwenye shamba ndiye hana swichi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda Thika, si mbali na soko, nashona sare za shule na magauni ya akina mama wa kanisa. Nyumbani ni Ruiru. Mashine hii ya kutafuta chuma niliinunua kwa mteja wangu, kijana aliyekuwa ameipeleka Migori akitarajia kurudi na dhahabu. Alirudi na malaria. Akaniuzia kwa bei ya hasira, na mume wangu akaitazama ilivyosimama pale sebuleni, akauliza kama sasa nimeanza kupiga deki vichaka. Nikamwambia ngoja. Jumamosi asubuhi nikaipitisha nyuma ya nyumba yetu wenyewe, ambako ruhusa nilijipa, nikatoa misumari, vizibo vya soda, na senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Nilikaa chini na ile senti kiganjani. Kuna mtu aliiangusha hapo kabla hata mimi sijazaliwa. Pengine ilikuwa ya kununua chumvi, na pengine alichapwa kwa ajili yake. Basi nikawa nimenaswa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kwa watu na mashine mkononi. Ruiru hii yetu, mtu mwenye ploti halali usingizi. Kila ukuta umeandikwa HAIUZWI kwa rangi nyekundu, kwa sababu kuna watu walienda ushago, kijijini kwao, kuzika mzazi, wakarudi wakakuta nyumba ya mtu mwingine imesimama kwa ploti yao. Sasa wewe tokea hapo na kifimbo kirefu kinacholia, chenye kiduara chini, umevaa vitu masikioni, halafu useme eti hamjambo. Nani atakuamini kwamba hukutumwa na wanyakuzi wa ardhi? Yule mwenye mbwa hakungoja hata nimalize salamu.

Kosa la pili ni kusema neno “kutafuta.” Ukisema unatafuta, mwenye shamba anasikia dhahabu. Jamaa mmoja wa Witeithie alinikubalia haraka mpaka nikashangaa, kumbe ameshaleta kiti. Nikisogea, naye anasogeza kiti. Ati chochote kitakachotoka tugawane nusu kwa nusu. Haya. Tulipomaliza tukagawana vizibo vya soda, na kimoja kilichobaki akasisitiza nichukue mimi kwa kuwa nimetoka mbali.

Kwa hivyo nikajifunza adabu. Siku ya kwanza naenda bila mashine, na kikapu: sukari, majani ya chai, mkate. Nasalimia. Naulizia ng'ombe kabla ya watoto, kwa sababu watoto wa siku hizi wanaweza kuwa habari mbaya. Nakunywa chai nitakayopewa hata kama ina moshi. Halafu nangoja mwenye boma aseme mwenyewe, “Sasa mama, wewe umekuja kwa nini?” Hapo ndipo naomba.

Mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni ndiye aliyenipa habari za Ngoliba. Kwao huko, alisema, zamani za mkonge kulikuwa na duka la Mhindi kando ya njia ya wafanyakazi. Duka lilikwisha kitambo, imebaki sakafu tu, katikati ya shamba la mzee mmoja. Moyo wangu ukaruka. Siku ya mshahara, foleni ya watu, mifuko iliyotoboka, na hakuna aliyewahi kupita hapo na mashine! Nilimwambia gauni litakuwa tayari kesho, na kweli likawa.

Mzee nilimkuta akiwakatia mbuzi majani, amevaa sweta katika jua lile la Ngoliba linalokausha nguo ukiwa bado unazianika. Mkewe akaleta viti, akapokea kikapu, akaenda kuchemsha chai. Tukaongea ng'ombe. Tukaongea mvua iliyokataa kunyesha. Mwishowe akaniangalia.

“Sasa mama, wewe unauza nini?”

“Siuzi kitu, baba. Nimekuja kuomba.”

“Kuomba ni kanisani.”

Nikamweleza yote: mashine, sakafu ya duka, senti zenye tundu. Alicheka mpaka akajifuta macho.

“Pesa za Mhindi? Hata ukizipata zitakununulia nini?”

“Hazinunui chochote, baba. Nazipenda tu.”

Nadhani hilo ndilo lililonipa ruhusa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu ambaye kichwa chake kimelegea kidogo lakini hana madhara. “Chimba,” akasema. “Palipo na sakafu chimba unavyotaka. Ila mpakani, hapana. Usikanyage hata.”

Akanionyesha. Upande wa chini wa shamba kulikuwa na mstari wa matoka, yale maua ya majani mapana ambayo Wakikuyu hupanda mpakani, yasiyokufa hata jua liwe namna gani. Mgeni ataona maua. Sisi tuliozaliwa huku tunajua. Bikoni ya serikali, lile jiwe la mpaka, mtu anaweza kuing'oa akasema ni ng'ombe. Lakini itoka moja tu ukiligusa, jembe lako litasemwa mpaka kwa wajukuu. Hakuna anayelima pale. Hata palizi husimama kabla ya kufika.

“Na ng'ambo ni kwa nani?” nikauliza.

“Ng'ambo kuna mwizi,” mzee akasema, akageuza mkono wa kushoto na kutazama kifundo, vile mtu hutazama saa. Hapakuwa na saa. Nilidhani anawashwa.

Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, aliinamisha uso. Ni yeye aliyeninong'oneza wakati wa kunisindikiza kwamba huyo mwizi wa ng'ambo ni mdogo wake mzee, baba mmoja mama mmoja, na kwamba hawajasalimiana miaka mingi. Kwenye harusi mmoja hukaa mbele, mwingine nyuma. Kwenye mazishi vilevile.

Wiki iliyofuata nikarudi na mashine. Ngai, siku ile! Kando ya sakafu ya duka mashine ililia mpaka masikio yakaniuma. Nilitoa senti tatu zenye tundu, kifungo cha shaba, na kufuli lililoshikana na kutu. Mzee alipita akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa sufuria akwangue ugali.

Mama, mkewe mzee, akaniletea chai palepale shambani, akachutama kando yangu. Alikuwa mama mwembamba, mwepesi, mwenye macho ya kucheka. Lakini siku hiyo hakuwa akicheka. Alikuwa na maswali.

“Hii mashine yako inaona chini kiasi gani?”

“Kama urefu wa mkono hadi kiwiko, mama.”

“Na kitu kikiwa ndani ya mkebe?”

“Italia zaidi. Mkebe nao ni chuma.”

“Na itajua kitu kimekaa huko muda gani?”

“Hapana, mama. Inalia tu.”

Akatazama nyuma kama mzee yuko mbali. Kisha akanishika mkono. “Mwari wa maitu,” akasema, ndivyo akina mama wa huku wanavyokuita wakikufanya ndugu wa tumbo moja, “mimi nina kitu mpakani.”

Akanieleza. Mzee alikuwa na saa ya mkono aliyoinunua kwa pesa yake ya kwanza ya maana. Aliipenda kuliko kitu chochote, na hilo lisingekuwa neno, ila alianza kumpima nayo mkewe. Akienda mtoni: umeondoka saa fulani, umerudi saa fulani, hapo katikati ulikuwa ukiongea na nani? Akienda sokoni, vilevile. “Hata nilipojifungua kitinda mimba,” mama akasema, “alisimama mlangoni akaniuliza mbona huyu anachukua muda kuliko wa kwanza.”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Naye akacheka kidogo.

Siku moja alichoka. Mzee akiwa anaoga, aliichukua saa, akaifunga kwenye kipande cha leso, akaitia ndani ya mkebe wa kakao, akaenda kuizika kwenye matoka. Mahali gani pengine? Shambani jembe lingeitoa msimu ujao. Nyumbani kila pembe ilikuwa na mtoto. Mpakani ndipo mahali pekee ambapo hakuna binadamu atakayechimba. Alitaka mzee aonje tu uchungu wa kuikosa, halafu yeye mwenyewe aje kuirudisha baada ya wiki.

“Kesho yake akaamka akaikosa. Akasema ni mdogo wake, kwa sababu jana yake alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia nyanya. Alimwita mwizi mbele ya watu, mbele ya mama yao. Na mdogo naye akajibu maneno ambayo hayasemwi. Ikawa imekwisha.”

“Na wewe, mama?”

“Na mimi nifanye nini? Nikionekana nachimba mpakani, kutakuwa na vita: watasema nahamisha mpaka. Ningesema ukweli, angenirudisha kwetu na watoto mgongoni. Nikasema wacha ningoje hasira ziishe. Watoto wamekua, wameoa, wamezaa. Hasira bado.”

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuja kutafuta senti za Mhindi na sasa nimewekewa siri ya watu magotini kama mtoto wa kulea. “Mama,” nikamwambia, “si umwambie tu? Sasa ni mzee, atakurudisha kwenu wapi?”

“Wewe umeolewa?”

“Nimeolewa.”

“Basi usiniulize swali la msichana.”

Akakaza mkono wangu. “Hawa wawili watazikana bila kusalimiana. Mimi sitaki kusimama kwa kaburi la mmoja wao huku najua saa iko wapi. Wewe pitisha mashine yako. Ilie. Utoe, useme umepata. Mashine haina ukoo, hakuna atakayeikasirikia.”

Nikamkumbusha kwamba mzee alikataza mpakani. Akanyoosha kidole. Kunde zake zilikuwa zimetambaa mpaka karibu na matoka. “Shamba ni la mzee,” akasema, “kunde ni zangu. Mimi nakuruhusu upite kwenye kunde zangu.”

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema asante kwa chai na kwenda nyumbani. Lakini niliutazama uso wake. Nikajiambia ruhusa ni ruhusa.

Tulingoja siku ambayo mzee alikwenda Thika kutazamwa macho. Mama akasimama juu, kama mtu anayechuma majani ya kunde, akiwa kwenye ulinzi. Mimi nikateremka na mashine. Nikaipitisha juu ya matoka. Kimya. Nikasogea. Kimya. Nikasogea tena, na ikalia kilio kizito, kilio cha mkebe. Nilikuwa nimesahau kuchomeka hedfoni. Ile sauti ilisikika mpaka ng'ambo ya pili.

Nikapiga magoti na kajembe kangu. Sikuwa hata nimegusa udongo.

“Uuui! Uuui! Wanahamisha mpaka! Njooni muone, wameleta mtambo!”

Alikuwa mdogo wake mzee, mtu mfupi mwenye gambuti na panga, anayekuja mbio akiruka machipukizi ya migomba. Na watu wa Ngoliba, sijui hutoka wapi. Shamba lililokuwa tupu likajaa. Kuna waliokuja na fimbo, kuna aliyekuja na mwiko, mkono bado una unga. Nikanyanyua mikono juu kama jambazi. Mimi, mshonaji wa magauni ya kanisa! Niliwaza mume wangu atakavyopigiwa simu, na maneno atakayosema kuhusu kupiga deki.

Mama akaja mbio akasimama mbele yangu. “Huyu ni mgeni wangu! Mtu asimguse!”

“Mgeni anachimba mpaka?” mdogo wake mzee akafoka, akinisemesha mimi, maana na shemeji yake pia alikuwa haongei. “Nani alikupa ruhusa?”

Nikasema mama. Akauliza mama ana ruhusa ya kutoa mpakani tangu lini. Nikasema kunde. Watu wakaguna. Kwa kweli nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu, hata mimi niliona ni neno la kijinga. Mpaka hauna mwenyewe mmoja. Ukitaka kutia chuma pale, hata sindano, pande zote mbili zisimame, zione, zikubali. Hilo nimelijua tangu utotoni, na bado nilikwenda kupiga magoti pale peke yangu.

Mzee akarudi, macho yametiwa dawa, haoni vizuri lakini anasikia kila kitu. Nilingoja anifukuze. Badala yake mdogo wake akapaza sauti, akiwaambia majirani lakini akimlenga yeye: “Mashine imelia! Nimeisikia kwa masikio yangu! Pale chini kuna chuma. Amezika bikoni ya uongo ili anilie shamba!”

“Mimi?” mzee akamwambia jirani aliyekuwa karibu. “Muulizeni yeye amezika nini hapo. Tangu lini mwizi akalala?”

“Basi ichimbwe!”

“Ichimbwe! Mbele ya watu! Tena huyu mama na mashine yake ndiye atachimba, kwa kuwa hana upande!”

Na hivyo, jamani, nikapata ruhusa. Katika maisha yangu yote ya kuomba mashamba ya watu, hiyo ndiyo ruhusa pekee niliyopewa na pande mbili kwa mpigo, zote mbili zikinguruma. Ikapangwa Jumamosi asubuhi.

Mume wangu alinikataza kwenda. Nilimwambia nisipokwenda, yule mama atabaki peke yake na mkebe ule. Alinitazama, kisha akaniwekea betri mpya kwenye mashine.

Jumamosi ndugu wawili walisimama, mmoja huku na mwingine huku, matoka katikati. Majirani wachache nyuma yao. Mama kando, leso imekazwa mabegani ingawa jua lilikuwa tayari kali. Nilitaka kuanza kwa salamu nzuri, lakini hakuna aliyeitikia.

“Mwambie huyo asogee nyuma, asije akatumbukiza kitu,” mzee akaniambia.

Mdogo wake alikuwa mbele yake kiasi cha kushikana mkono. Nikageuka nikasema, “Baba anasema usogee.”

“Mwambie nimesogea. Na mwambie yeye atoe mikono mfukoni.”

“Anasema utoe mikono—”

“Nimemsikia.”

Mzee akatoa mikono. Jirani mmoja akakohoa ili asicheke.

“Mnanipa ruhusa?” nikauliza kwa sauti, kwa sababu safari hii nilitaka kila mtu asikie. “Baba, unaruhusu?”

“Naruhusu.”

“Na wewe baba wa ng'ambo?”

“Naruhusu. Chimba taratibu. Usiue itoka.”

Nikachimba taratibu. Nilipitisha kajembe kati ya mizizi kama ninavyofumua mshono wa nguo ya bei, jasho likinitiririka mpaka machoni. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na sijui niliomba nini, niukute au nisiukute. Chuma kikagusa chuma. Mkebe ulitoka umeliwa na kutu ubavuni. Nikauweka juu ya udongo, katikati kabisa, ili usiwe upande wa mtu yeyote. Nikaufungua. Kitambaa. Ndani ya kitambaa, saa.

Kioo kilikuwa kizima. Mzee aliinama, akaichukua, akaisogeza karibu na macho yake mabovu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza hakunitumia mimi.

“Kumbe uliizika hapa,” akamwambia mdogo wake.

Mungu wangu. Sikuwa nimewaza hilo, na mama pia hakuwa amewaza. Tulidhani saa ikipatikana wizi umekwisha. Kumbe kwa mzee, saa iliyotoka mpakani kwa mdogo wake ndiyo ushahidi wenyewe.

Yule mdogo hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha: “Umeniita mwizi mara ya pili, mbele ya watu.” Akageuka aende. Nilijua akifika kwake, hatarudi hadi mmoja abebwe kwa jeneza. Nikafungua mdomo niseme lolote, hata uongo.

“Si yeye,” mama akasema. “Ni mimi.”

Alikuwa ametoka kando akaja mpaka kwenye shimo. “Ni mimi niliizika. Tazama hicho kitambaa. Si ni ile leso niliyobebea mtoto? Ulikuwa unanipima na hiyo saa kama ng'ombe wa maonyesho. Nikienda choo unaangalia saa. Nikaichukua. Nilitaka kuirudisha, ukawa umeshamtukana ndugu yako, nikaogopa. Nimeogopa mpaka nimezeeka. Sasa sema unalotaka kusema.”

Mzee alimtazama mkewe, akaitazama saa, akamtazama tena. “Wewe?” akasema.

“Mimi.”

Kikatoka kicheko ng'ambo. Mdogo wake mzee alikuwa amegeuka, ameegemea panga, mabega yanaruka. “Hata mimi ningeizika!” akasema. “Ulinipima nayo nikilima! Siku ya harusi yangu ulimwambia mchungaji amepitisha muda!” Majirani wakaangua kicheko. Mimi nikacheka na machozi yakinitoka, na sikujua ni ya nini.

Mzee hakucheka. Alikaa chini, juu ya kunde za mkewe, akavua kofia. “Nilimwita mwizi mbele ya mama,” akasema. “Mama alikufa akijua amezaa mwizi.”

“Mama hakuamini hata siku moja,” mdogo wake akamjibu. “Aliniambia saa umeipoteza mwenyewe ukiwa umelewa, unaona haya kusema.”

Hapo mzee naye akashindwa. Alicheka na kulia kwa pamoja, mtu mzima, kofia imefunika uso. Mkewe akainama akamshika bega. Mzee hakuutoa mkono ule.

“Ndugu yangu,” mzee akasema mwishowe, “nitakupa nini?”

“Sitaki saa. Sitaki pole. Nataka chai. Ya nyumba hii.” Akainua gambuti lake juu sana, akaruka matoka bila kugusa hata jani.

Tukaingia jikoni kwa mama, majirani wakarudi makwao kutangaza. Mama alijaribu kuwasha moto, mikono ikakataa. Alikaa kwenye kigoda akiitazama tu. Nikataka kumsaidia. Mzee akanizuia. Aliwasha moto mwenyewe, akamwaga maziwa kidogo, akatia majani mengi mno. Akamimina kikombe cha kwanza. Hakumuuliza mdogo wake anatakaje. Alijua. Akatia sukari vijiko vitatu vilivyojaa, akakoroga, akampa kwa mikono miwili.

Mdogo wake alikipokea, akakishika, hakunywa.

“Nini? Haijaiva?”

“Imeiva.” Akakirudisha taratibu mezani. “Siku hizi sitii sukari. Nina ugonjwa wa sukari.”

Mzee alisimama na kijiko mkononi. Nyumba ya mdogo wake ilionekana pale mlangoni, paa lake, moshi wake, nguo zake zimeanikwa.

“Tangu lini?”

Mzee akakichukua kile kikombe akakinywa mwenyewe, utamu wote ule, akakiosha, akammiminia chai isiyo na sukari.

“Keti,” mdogo wake akamwambia, akimvutia kigoda. “Keti nikueleze.”